Mrija Ukiziba, Usianze Kutafuta Boti

Mtu anapomwona mtoto mwenye mrija wa kupumulia shingoni katika mitaa yetu ya Lamu, swali lake la kwanza huwa la operesheni: ilifanywa wapi, ilichukua muda gani, na kama daktari alikuwa mjuzi. Kwangu mimi, niliyefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto mahututi huko Mombasa kabla ya kurudi nyumbani, swali la kwanza ni jingine. Ni nani aliyemo ndani ya nyumba hii sasa hivi anayejua kuutoa mrija huo na kuingiza mwingine? Operesheni hufanywa mara moja, mbele ya watu waliosomea, penye taa na oksijeni. Hatari iliyo kubwa zaidi humfuata mtoto hadi chumbani kwake, na mara nyingi hujitokeza usiku, umeme ukiwa umekatika na mama yuko jikoni.

Makala haya nimewaandikia jamaa wanaorudi visiwani na mtoto wa namna hiyo baada ya matibabu ya Mombasa au Nairobi. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya hospitali, ambayo kila mzazi ana haki ya kuyadai, tena kwa vitendo na mikono yake mwenyewe, kabla ya kutia saini karatasi ya kuruhusiwa.

Trakeostomia ni tundu linalofunguliwa mbele ya shingo, chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, hadi ndani ya koo la hewa. Kisha mrija mfupi uliopinda hupitishwa humo ili mtoto apumue bila kutegemea pua wala mdomo. Wako wanaouhitaji kwa sababu walizaliwa kabla ya miezi kutimia, wakakaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, hata sehemu iliyo chini ya nyuzi za sauti ikafanya kovu na kuwa nyembamba. Wako ambao nyuzi zao za sauti zimepooza, au misuli yao ni dhaifu kiasi cha kuhitaji mashine kila wanapolala. Na wako wenye papiloma za koo, yaani chunjua zinazoota kwenye nyuzi za sauti kutokana na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo kwa kawaida mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Madaktari wa masikio, pua na koo hukwepa kadiri wawezavyo kumwekea mtoto wa aina hii mrija, kwa kuwa chunjua zinaweza kuufuata na kushuka chini. Lakini mtoto aliyetibiwa pumu kwa muda mrefu, huku sauti yake ikififia pasi na mtu kujiuliza kwa nini, hufika hospitali koo limekwisha kuziba na chaguo limebaki moja. Nikiwa hapo hapo, niseme neno juu ya chanjo ya HPV ambayo Kenya iliizindua Mombasa mwezi wa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Tunaitangaza kama kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, na ndivyo ilivyo, lakini chanjo iliyoletwa wakati ule hukinga pia dhidi ya aina ya 6 na ya 11, kwa hiyo binti aliyechanjwa nayo huenda anamwepusha na maradhi haya mtoto atakayemzaa. Ni jambo ambalo wazazi wangepaswa kuambiwa waziwazi.

Mrija wa mtoto ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Namba iliyoandikwa kwenye bawa lake, ile sehemu bapa inayolala juu ya ngozi ya shingo, ni kipenyo cha ndani kwa milimita: mtoto mchanga huvaa wa 3.0 au 3.5, na wa mwaka mmoja hivi huvaa wa 4.0. Katika njia nyembamba kiasi hicho, ukinzani wa hewa hupanda kwa kasi ya kutisha kila kipenyo kinapopungua. Utando wa makohozi wa nusu milimita uliogandamana kuzunguka ukuta wa ndani huufanya mrija wa 4 uwe wa 3, na hapo ukinzani umeongezeka zaidi ya mara tatu. Mtu mzima kwa kawaida huvaa mrija wenye mwingine ndani yake, ambao huchomolewa ukaoshwa huku ule wa nje ukibaki mahali pake. Mirija ya watoto wadogo aghalabu haina huo wa ndani, kwa sababu nafasi haipo. Ukiziba, cha kuchomoa ni mrija wenyewe, na hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hulisikia mara moja wodini na kulisahau kwa sababu ya hofu.

Hewa inayotokea tunduni haipiti kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo wengi wa watoto hawa hulia bila sauti. Mama aliyezoea kumsikia mwanawe kutoka chumba cha pili amepoteza njia hiyo, na kuta za nyumba zetu za mawe ni nene hivi kwamba aliyekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, hasikii hata kishindo cha ndani. Familia moja niliyoitembelea ilimvisha mtoto njuga mguuni ili akirusha miguu usiku asikike. Niliupenda ubunifu huo, na bado niliwaomba watu wazima wapokezane kulala naye chumba kimoja, maana mtoto aliyeishiwa pumzi harushi miguu kwa muda mrefu. Ipo pia valvu ya kusemea, kifaa kidogo kinachoruhusu hewa kuingia kwa mrija na kuilazimisha itoke kwa juu kupitia nyuzi za sauti. Aliyeibuni ile inayotumiwa sana duniani ni David Muir, kijana wa Marekani aliyekuwa mwenyewe akiishi kwa mashine ya kupumulia. Valvu hiyo haivalishwi kabisa mtoto ambaye mrija wake una puto lililojazwa kuuzunguka ndani ya koo, wala yule ambaye njia yake ya juu imefunga, kwa kuwa hewa itaingia na haitakuwa na pa kutokea. Wakati wa kulala huvuliwa.

Dhana inayonisumbua kuliko zote hapa pwani ni ile isemayo kwamba hewa yetu ina unyevu wa kutosha, na kwa hiyo kumvalisha mtoto pua bandia, kile kifuniko cha mrija kinachotunza unyevu, ni anasa ya watu wa Nairobi kwenye baridi na ukavu. Tuitazame kwa hesabu. Hewa inapopita puani hupashwa joto na kutiwa maji, hata inapofika ndani ya mapafu ina nyuzi 37 na imebeba maji kiasi cha gramu 44 katika kila mita ya ujazo. Hewa ya Lamu ya nyuzi 30, hata siku ambayo unyevu wake umefika kilele na nguo hazikauki kambani, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi. Pengo hilo lazima lizibwe, na pua ikishaachwa kando, maji hayo huchukuliwa kwenye ukuta wa koo la hewa lenyewe. Makohozi huwa mazito, kisha hunata, kisha hufanya gamba. Ongeza feni inayoelekezwa kitandani usiku kucha, ongeza upepo wa kaskazi wa miezi ya joto, na utaelewa kwa nini mtoto aliyelala salama anaamka akipiga mluzi shingoni.

Pua bandia ni kifuniko kidogo chenye karatasi maalumu au sponji ndani yake, ambacho hushika unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha katika pumzi inayoingia. Hubadilishwa angalau kila baada ya saa 24, na mapema zaidi ikiloa makohozi, kwa kuwa nayo yenyewe ikijaa huziba. Mtoto mwenye makohozi mazito hupewa pia mvuke wa maji ya chumvi ya hospitali kwa nebulaiza, na hunyweshwa maji ya kutosha. Bakuli la maji yanayochemka lililowekwa kando ya kitanda silipendekezi hata kidogo. Unyevu linaoongeza ni mdogo na watoto waliounguzwa nalo nimewaona. Feni iwekwe iangalie ukuta.

Kunyonya makohozi kwa mashine, kupitia katheta, yaani kijirija chembamba laini kinachoingizwa ndani ya mrija, ni kazi ya kila siku, na ni kazi inayoweza kumdhuru mtoto ikifanywa kwa nguvu. Namba ya katheta ni rahisi kuikumbuka: zidisha namba ya mrija mara mbili. Mrija wa 4.0 hutumia katheta ya namba 8, ambayo huacha nafasi ya hewa kupita kando yake. Urefu wa kuiingiza hupimwa kabla, kwa mrija wa akiba wa aina ile ile ulioko mezani, na alama hutiwa. Ncha ya katheta ikomee kwenye mwisho wa mrija, au ivuke nusu sentimita tu. Zamani tulifundishwa kuisukuma mpaka igote, kisha kuivuta nyuma kidogo, na bado wapo wanaofanya hivyo. Pale inapogota ni kwenye nyama laini ya mgawanyiko wa mapafu, na nyama inayogotwa mara kwa mara hutoa damu, hufura na kuota vinyama ambavyo baadaye huziba njia. Mwongozo wa Jumuiya ya Marekani ya magonjwa ya kifua uliotolewa mwaka 2000 ulitilia mkazo kipimo hicho cha kabla, na ukakubali pia kwamba nyumbani usafi wa kawaida unatosha, yaani mikono iliyooshwa vizuri na katheta iliyosafishwa, bila kulazimisha glavu za upasuaji ambazo familia nyingi haziwezi kuzinunua kila siku. Shinikizo la mashine liwe kati ya 80 na 100 kwa kipimo cha milimita za zebaki, katheta izungushwe taratibu inapotoka, na zoezi zima lisizidi sekunde tano hadi kumi. Ukitaka kujua muda huo una maana gani kwa mtoto, zuia pumzi yako mwenyewe tangu unapoanza hadi unapomaliza.

Kumwagia maji ya chumvi ndani ya mrija kila unaponyonya ni desturi iliyoenea ambayo haina sababu. Huweza kusukuma uchafu chini zaidi, na haifanyi kazi ya unyevu unaopaswa kuwapo mchana kutwa. Kuhusu mashine, chagueni yenye betri, na pembeni yake wekeni pampu ya kukanyaga kwa mguu. Katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, mashine ya kuchomeka ukutani peke yake haitoshi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mrija ukianza kuziba, mtoto huhangaika, hutoka jasho, pua hutanuka, na nyama za katikati ya mbavu na za juu ya kifua huvutwa ndani kwa kila pumzi. Huweza kusikika mluzi, au kukawa kimya kabisa. Kwa ngozi zetu, rangi ya buluu itafute ndani ya midomo, kwenye ufizi na ulimini. Ukiisubiri usoni utakuwa umechelewa. Hapo ndipo watu wa nyumbani, kwa mapenzi na kwa hofu, humbeba mtoto na kukimbilia gati. Ubongo usiopata oksijeni huanza kudhurika ndani ya dakika chache, nne hadi sita hivi, na boti kutoka Lamu hadi Mokowe, gati ya bara, peke yake hutumia muda zaidi ya huo. Aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ana shida kubwa zaidi: anapaswa kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara ambao hupitika vyema maji yakijaa, na bamvua haliulizi mtoto anapumua vipi. Hata aliye mtaa wa pili na hospitali, kwa mitaa yetu isiyopitisha gari, hawezi kuwa na hakika ya kufika.

Kwa hiyo mrija hushughulikiwa pale pale alipo mtoto. Piga kelele upate msaidizi. Mlaze chali, weka leso iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke na tundu lionekane, na uvue chochote kilicho juu ya mrija, iwe pua bandia au valvu. Kama oksijeni ipo, ipewe puani na shingoni kwa pamoja. Pitisha katheta kwa kipimo chako. Ikipita, nyonya na umtazame. Isipopita, usiisukume wala usipoteze dakika kujaribu tena na tena: kata kamba, utoe mrija, uingize mpya wa namba ile ile. Ukikataa, chukua ule ulio mdogo kwa nusu namba. Nao ukikataa, pitisha katheta ndani ya mrija huo mdogo, uingize katheta tunduni kwanza, kisha uteremshe mrija juu yake hadi ukae. Baada ya kila hatua tazama kifua, sikiliza, na weka mkono mbele ya tundu usikie kama kuna hewa.

Wazazi wengi wameniambia kwamba wanachokiogopa kuliko vyote ni kuutoa mrija, kwa kuwa wanauona kama ndio uhai wenyewe. Mrija uliozibika haupitishi hewa yoyote, na ukikaa mahali pake huizuia hata ile ambayo ingepita tunduni. Kuutoa hakuongezi hatari. Mara nyingine mtoto huvuta pumzi ya kwanza pale pale unapotoka, kabla hata ya ule mpya kuingia.

Kama hapumui baada ya hapo, mpulizieni pumzi tano za taratibu, kila moja ikitosha kuinua kifua, kisha muendelee na ufufuaji kama mlivyofundishwa huku mwingine akitafuta usafiri. Pumzi zapitia wapi? Kama mrija umekaa, zipitie kwenye mrija. Kama umeshindikana na njia ya juu ya mtoto iko wazi, mfunike tundu kwa kidole na mpulizie mdomoni na puani. Kama njia ya juu imefunga, kumpulizia mdomoni hakumfikishii chochote, na midomo yako itawekwa moja kwa moja juu ya tundu la shingo. Tofauti hiyo huamua kila kitu, na bado nimekutana na wazazi waliorudi nyumbani bila kuambiwa mwanao yuko upande gani. Muulizeni daktari kwa maneno haya haya: mrija ukitoka, mwanangu anaweza kupumua kwa juu au hawezi? Jibu liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya mrija, urefu wa katheta na nambari za simu, na karatasi ibandikwe juu ya kitanda. Hospitali za Uingereza huweka karatasi ya namna hiyo kichwani pa kila mgonjwa mwenye mrija, na hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho.

Mrija kuchomoka wenyewe ni tatizo la pili kwa ukubwa. Katika wiki ya kwanza baada ya operesheni, njia bado haijajijenga, na tundu linaweza kujifunga mara tu mrija unapotoka. Ndiyo sababu wapasuaji huacha nyuzi mbili, moja kila upande wa koo la hewa, zikiwa zimebandikwa kifuani, ili zikivutwa tundu lifunguke. Badiliko la kwanza hufanywa na wao, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya saba. Baada ya hapo kinga iko kwenye kamba. Kamba iliyokaa sawasawa hupitisha kidole kimoja tu kati yake na shingo. Ikipitisha viwili, kikohozi kimoja kizito kinatosha kuutoa mrija. Kubadilisha kamba na mrija ni kazi ya watu wawili, mmoja akiushika mrija mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho, na isifanywe mtoto akiwa ametoka kula. Kijiti cha kuongozea kilicho ndani ya mrija mpya kitolewe mara tu unapokaa, kwa sababu kikiwa ndani mtoto hapumui. Ukiona mrija umeingia lakini hewa haisikiki, katheta haipiti, na shingo inavimba na kuchakarika chini ya vidole, ujue umeingia pembeni mwa koo la hewa. Utoe mara moja.

Vitu vyote nilivyovitaja hukaa katika mkoba mmoja: mrija wa namba ya mtoto, mwingine mdogo kwa nusu namba, kamba, mkasi wenye ncha butu, katheta, mafuta ya kulainishia yenye asili ya maji, vichupa vya maji ya chumvi, leso ya kukunja, na mfuko wa kupumulishia kwa walioweza kuupata. Mkoba huo huenda kila mahali aendapo mtoto, hata akipelekwa Shela kwa nusu saa kumwamkia babu. Kila ninapoingia nyumba yenye mtoto kama huyu, kwanza naomba kuuona mkoba, kisha ndipo naketi.

Matatizo mengine huja polepole, na mengi yataonekana na daktari. Vinyama huota kuzunguka tundu au juu yake kwa ndani. Vya nje hutibiwa, vya ndani huhitaji kutazamwa kwa kamera. Uchirizi mdogo wa damu baada ya kunyonya mara nyingi hutokana na ukavu au katheta iliyozama mno. Damu nyekundu inayobubujika ni habari nyingine kabisa: mshipa mkubwa hupita karibu na ncha ya mrija, na ukiliwa na mrija huweza kutoa onyo moja tu. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekwisha kukatika na anacheza. Makohozi yakigeuka rangi na kunuka, pamoja na homa na uchovu, yanahitaji matibabu. Lakini matokeo ya maabara yanayoonyesha vijidudu kwenye makohozi ya mtoto mzima wa afya si ugonjwa, kwa kuwa mrija wowote uliokaa muda hukaliwa na bakteria. Antibiotiki zinazonunuliwa dukani kila makohozi yanapobadilika kidogo huzalisha vijidudu sugu, na siku mtoto atakapougua kweli dawa zitakuwa zimeisha nguvu. Ngozi iliyo chini ya kamba, kwa jasho letu la pwani, huoza upesi. Iosheni kwa maji safi, ikausheni vizuri, na kamba ibadilishwe kila siku.

Kisha kuna mambo ya nyumbani ambayo vitabu vya Ulaya haviyataji. Poda tunayowapaka watoto shingoni baada ya kuoga ni ya kuachwa kabisa, kwa kuwa unga wake huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni. Udi na ubani vifukizwe chumba asichokuwamo, na jiko la makaa liwe mbali naye. Mafuta ya nazi yasipakwe karibu na tundu. Pamba na shashi iliyokatwa kwa mkasi huacha nyuzi zinazoingia ndani. Tumieni shashi iliyotengenezwa na mpasuo wake. Leso ya kumfunika mtoto asipigwe na vumbi la punda njiani isilale juu ya mrija. Hirizi na mikufu hunasa kamba, na kwa wazee wanaoshikilia, nimekuwa nikiomba ivaliwe mkononi. Bahari ndiyo ngumu kuliko yote, maana hapa mtoto hujifunza kuogelea kabla hajajua kusoma, na mwenye mrija haingii majini kupita kiunoni, wala haachwi peke yake ukingoni mwa gati.

Narudia swali nililoanza nalo, kwa kuwa jibu la kawaida, "mama yake anajua," halinitoshelezi. Mama huugua, huenda sokoni, hulala. Nataka kila nyumba iwe na watu wasiopungua watatu wanaojua, na bibi awe mmoja wao, kwa sababu katika nyumba zetu bibi ndiye anayebaki na mtoto. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, mikono hii inatetemeka, niachie niombe dua." Nilimjibu, "Dua tutaiomba sote, bibi, na mrija utauingiza wewe." Tulifanya mazoezi kwa mwanasesere aliyetobolewa shingoni, tena na tena, hadi akawa anaukosoa mkono wa mkwewe. Mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, na wa shule ya chekechea nao waitwe. Watoto hawa wana akili zao kamili na wanastahili kusoma na wenzao. Shule inayowakataa kwa hofu ya mrija ingetulizwa na mafunzo ya asubuhi moja.

Wengi wao hawatauvaa maisha yote. Mtoto anapokua, koo la hewa hupanuka, au kovu hutengenezwa kwa upasuaji, na madaktari wakisharidhika kwa kamera kwamba njia ya juu iko wazi, huanza kumwekea mirija midogo zaidi, kisha huufunga kwa kizibo mchana, kisha usiku mmoja akiwa wodini chini ya uangalizi. Akipita, mrija hutolewa na tundu hufunikwa kwa bandeji. Kwa watoto wengi hujifunga lenyewe ndani ya siku au wiki chache. Kwa waliokaa na mrija miaka mingi huweza kubaki tundu dogo linalovuja hewa, ambalo hushonwa baadaye kwa operesheni ndogo, na hadi lifungwe marufuku ya kuogelea iko pale pale.